Kuwazungusha watoto Nordschleife: jibu kwa Baba Salma wa Leicester

Swali: Assalamu alaykum mwalimu. Tunaishi Leicester, asili yetu ni Tanga na Mombasa. Agosti tunavuka na gari letu wenyewe kwenda Ujerumani kwa likizo ya wiki moja. Nimesikia kwamba Nordschleife, ile njia ndefu ya mbio ya Nürburgring, mtu yeyote analipa na kuingia na gari lake. Nataka kuwazungusha wanangu mara moja tu, Salma wa miaka 11 na Idrisa wa miaka 6, polepole, bila kushindana na mtu. Mama yao amekataa katakata. Mimi naendesha mwaka wa 18 sasa, sijawahi kugonga. Je, ni salama? Na kama si salama, watoto nimeshawaahidi. Nitawaambia nini? – Baba Salma

Wa alaykum salaam, Baba Salma.

Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Idrisa asiingie. Salma anaweza kuingia, lakini si katika mzunguko wako wa kwanza wala wa pili, na si kabla kampuni yako ya bima haijakujibu kwa maandishi. Mama yao ana haki ya kuogopa, ingawa nahisi anachokiogopa yeye na ninachokiogopa mimi ni vitu viwili. Yeye pengine anaona gari linalopaa kwenye kona. Mimi naona gari la familia linalokwenda taratibu upande usio wake, na dereva wake anatazama kioo kisichomsaidia.

Nafundisha udereva Koblenz, si mbali na pale, na njia ile nimeizunguka misimu mingi. Naipenda sana. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayetaka kukukatisha tamaa.

Tuelewane kwanza pale ni mahali gani. Nordschleife ilianza kujengwa mwaka 1925 katika vilima vya Eifel, sehemu iliyokuwa maskini wakati ule, na ujenzi wake ulitoa kazi kwa watu wengi waliokuwa hawana ajira. Ilifunguliwa Juni 1927. Ina urefu wa kilomita 20.832 na kona 73, na kati ya bonde la Breidscheid na kilele karibu na Hohe Acht kuna tofauti ya mita 300 hivi za kupanda na kushuka. Tangu mwanzo, siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda vya magari, mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kulipa na kupita. Ndiyo maana mpaka leo, siku za wageni, njia ile kisheria inahesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya mwelekeo mmoja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinafanya kazi pale kama zinavyofanya kazi mjini. Unakaa kulia, unapita kushoto tu, hushindani, hujipimi muda. Ukigonga, polisi wanakuja kama wanavyokuja kwenye ajali yoyote.

Watu wakisikia maneno hayo, barabara ya kawaida, sheria za kawaida, wanatulia. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya njia ile haina kikomo cha mwendo, na kwamba wengi wanaoingia hawakuja kutembea. Wamekuja na magari ya mbio yenye namba za barabarani, wengine wanaijua kila kona kama njia ya chumbani kwao, wengine hawaijui kabisa lakini wanataka waonekane wanaijua. Hao wa pili ndio wanaonitia hofu.

Umeandika neno “polepole” kana kwamba ndiyo kinga yako. Sisi tumelelewa na mwenda pole hajikwai. Pale anayejikwaa ni yule anayekuja nyuma ya mwenda pole. Tufanye hesabu. Wewe unakwenda kilomita 80 kwa saa, mwenzako anakuja na 200. Tofauti yenu ni 120, yaani anakukaribia kwa mita 33 hivi kila sekunde. Njia ile ina vilele vingi ambavyo huwezi kuona ng’ambo yake, kama pale Flugplatz na kabla ya Schwedenkreuz. Tuseme amekuona zikiwa zimebaki mita 150. Ana sekunde nne na nusu za kukutambua, kuamua na kupita. Zinamtosha, mradi wewe uko pale anapokutegemea: kulia kabisa, umetulia, huyumbi. Ukiwa katikati ya njia, au ukishtuka na kusogea, hazimtoshi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu. Wewe umejifunza gari wapi? Kama ni Tanga au Mombasa, ulijifunza kukaa kushoto. Leicester pia ni kushoto. Miaka yako 18 yote mwili wako umefundishwa kwamba mahali pa usalama ni kushoto. Ukishtuka, ukisikia honi, ukiona taa kubwa nyuma yako, mikono inavuta usukani kushoto kabla akili haijasema neno. Pale Nordschleife kushoto ndipo wanapopita wenye mwendo mkali. Hatua moja ya kushtuka inakupeleka mbele yao.

Na gari lako, kwa kuwa ni la Uingereza, usukani uko kulia. Nyumbani anayekupita anatokea kulia, upande wako, unamwona kwa kugeuza jicho tu. Pale anayekupita anatokea kushoto, upande wa mbali, nyuma ya kichwa cha abiria wa mbele, nyuma ya nguzo za gari na kiti cha mtoto. Kioo chako cha kulia, ambacho jicho limezoea kukikimbilia, kitakuonyesha majani na vyuma vya pembeni. Nimewahi kukaa kiti cha abiria na wageni kutoka Uingereza na hata Kenya, madereva wazuri kabisa. Kilomita tano za kwanza karibu wote walitazama kioo kisicho chao. Hawakuwa wazembe, ni mazoea ya mwili, na mazoea ya mwili hayaondoki kwa kuambiwa.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kufanya kabla ya yote, ni hili: endesha bara, yaani Ulaya ng’ambo ya Uingereza, siku tatu nne kwanza. Tokea Calais, bandari ya Ufaransa, pita Ubelgiji, zunguka vijiji vya Eifel, ingia barabara kuu za Ujerumani ambako nako watu wanakuja kwa kasi nyuma yako. Jifunze kutazama kushoto. Siku utakapojikuta unatazama kioo cha kushoto bila kujikumbusha, hapo ongea na mimi habari ya Nordschleife. Wiki moja inatosha kwa hilo ukiipanga iwe mwisho wa safari. Usiiweke siku ya kwanza.

Nikueleze na habari ya mwanangu. Alikuwa na miaka tisa nilipomwingiza mara ya kwanza, baada ya kuniomba mwaka mzima. Nilikuwa naijua njia, gari lilikuwa zima, ilikuwa jioni ya siku ya kazi na magari yalikuwa machache. Alicheka mpaka Fuchsröhre, lile bonde unaloshuka kwa kasi halafu chini kabisa gari linakandamizwa na tumbo linabaki juu. Pale akanyamaza. Tulipopita Bergwerk tukaanza kupanda Kesselchen akaniambia, “Baba, nashuka.” Nikamwambia bado kidogo. Haikuwa kidogo, zilikuwa zimebaki zaidi ya kilomita nane. Akatapika kabla hatujafika Karussell. Nilimwangalia kwenye kioo cha ndani, kitambo cha kupepesa macho mara mbili, na niliporudisha macho nje kulikuwa na gari ubavuni mwangu kushoto ambalo sikuliona lilipotokea. Likapita. Hakuna kilichotokea. Lakini nilifika mwisho mikono ikiwa na jasho, na kwa muda mrefu sikumchukua mtoto yeyote tena.

Pale huruhusiwi kusimama. Hakuna pa kuegesha mtoto akatapika, akakojoa au akalia. Kwa mwendo unaousema wewe mzunguko ni dakika 13 hadi 15, na kwa mtoto wa miaka sita aliyeshikwa na kichefuchefu hizo ni nyingi mno. Yeye atalia, wewe utageuka. Mzazi gani hageuki?

Kuna na habari ya gari kuharibika. Kanuni ni kwamba ukipata hitilafu unawasha hazadi, unasogea pembeni kulia kadiri unavyoweza, mnatoka wote garini na kuvuka vyuma vya pembeni mkasimame nyuma yake, kisha mnasubiri msaada. Kubaki ndani ya gari lililosimama ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu anayekuja nyuma huenda hakuoni, au anateleza kwenye mafuta uliyoyamwaga mwenyewe. Sasa jaribu uani kwako, gari likiwa limesimama: mfungue Idrisa kwenye kiti chake, mfungue Salma, watoe kwa mlango wa kulia, wanyanyue wavuke ukuta wa urefu wa kiuno chako. Hesabu sekunde. Halafu weka kichwani kwamba magari yanapita. Hilo peke yake lingetosha kwangu kumwacha Idrisa nje, hata kama ungekuwa bingwa wa Safari Rally.

Kuhusu bima nitasema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Bima nyingi za Uingereza zinaitaja Nürburgring kwa jina kabisa katika mambo wasiyoyalipia. Usipige simu ukaridhika na sauti ya mtu aliyekuambia “nadhani inawezekana”. Andika, wakuandikie. Ukigonga pale hulipi gari lako tu. Unalipa vyuma ulivyovipinda na nguzo zake, unalipa gari la kukuvuta, na unaweza kulipishwa muda ambao njia ilifungwa kwa ajili yako. Familia inaweza kurudi Leicester na deni la miaka. Na gari la kukodi lisahau. Mikataba ya kawaida ya kukodi inakataza.

Jingine ambalo litakuhusu safari nzima, uingie Nordschleife au usiingie. Uingereza mtoto akifika sentimita 135 au miaka 12, kiti cha mtoto si lazima tena. Ujerumani ni miaka 12 au sentimita 150. Mpime Salma. Kama bado hajafika 150, kile kiti cha kuinulia alichokwisha kukiacha kirudi garini kuanzia mnapovuka mpaka. Atanuna. Mwambie ni sheria ya huku.

Basi tuseme umefanya yote. Umeendesha bara siku kadhaa, bima imekuandikia ndiyo, Salma mwenyewe anataka kweli na si kwamba anataka kumfurahisha baba. Huu ndio utaratibu ambao mimi ningeufuata.

Tazama kalenda ya Nürburgring asubuhi ya siku hiyohiyo. Siku za wageni mara nyingi ni jioni za siku za kazi, na baadhi ya wikendi siku nzima. Wikendi ya Agosti ikae mbali nawe, huo ndio wakati wa msongamano mkubwa. Jumatatu au Jumanne jioni, ardhi kavu. Eifel ina tabia yake: Breidscheid jua linawaka, Hohe Acht mvua inanyesha, na wewe huioni mpaka umo ndani yake. Mwaka 1968 dereva wa mbio Jackie Stewart alishinda pale katika mvua na ukungu akamwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne, na ndiye aliyeipa njia ile jina la Jehanamu ya Kijani. Mtu kama huyo akisema hivyo, mimi na wewe barabara ikilowa tunakunywa chai.

Tiketi ni ya gari, si ya kichwa. Miaka ya karibuni imekuwa kama euro 30 siku za mwanzo wa wiki na 35 kuanzia Ijumaa. Nunua mizunguko mitatu. Miwili ni yako peke yako. Kabla ya kuingia toa kila kitu garini: mabegi, chupa za maji, midoli ya Idrisa, hata mazulia ya miguuni kama hayashiki vizuri. Chupa inayoviringika ikaingia chini ya pedali ya breki ni kitu kidogo nyumbani, pale ni msiba. Pima upepo wa matairi. Simu izime, kamera iache. Kupiga picha au video wakati wa kuendesha hakuruhusiwi, na kwa kweli hutakuwa na nafasi nayo.

Ndani, kaa kulia. Usijaribu kukata kona kama ulivyoona kwenye video, kwa kutoka ukingo huu kwenda ule. Hiyo ni ya wale wanaokwenda kasi. Wewe shika kulia hata kona ikienda kushoto. Mbele ya kila kilele tazama kioo cha kushoto, na ukishakipita tazama tena. Ukimwona mtu anakuja, washa indiketa ya kulia. Hiyo pale ni lugha, maana yake “nimekuona, pita, mimi sisogei”. Punguza mguu kidogo kwenye mafuta, usikanyage breki, shika usukani sawasawa mpaka apite. Halafu tazama tena kabla hujatulia, kwa sababu wanakuja wawili wawili, na wa pili ndiye anayesahauliwa.

Ukiona bendera ya njano au taa ya njano, punguza mwendo na usimpite mtu. Kuna jambo mbele, hata kama wewe hulioni.

Karussell ile kona ya zege iliyoinama watoto wote wanaijua. Usishuke ndani yake na gari la familia siku ya kwanza, linatikisa mpaka meno. Kuna njia ya juu yake, bapa, pita hapo. Na unaposhuka kutoka Aremberg, na tena kutoka Kallenhard kwenda Breidscheid, shuka kwa gia, usining’inie kwenye breki. Gari la familia ni zito, breki zake hazikutengenezwa kwa mteremko na kona mfululizo namna hiyo, na zikichemka pedali inakuwa laini kama sponji. Ukihisi hivyo, maliza mzunguko taratibu, toka, liache gari lipoe nusu saa bila kuvuta breki ya mkono.

Baada ya mizunguko hiyo miwili jiulize swali moja: je, kuna mahali niliposhtuka? Kama jibu ni ndiyo, ule wa tatu uendeshe peke yako pia, na safari yenu imekamilika. Kama jibu ni hapana, mchukue Salma. Mkalishe nyuma upande wa kulia, asikuzibie kushoto. Asile kitu kizito saa mbili kabla. Mwambie mapema kwamba hamtaongea, na kwamba akijisikia vibaya aseme neno moja mlilokubaliana, wewe hutageuka, utapunguza tu. Mpe mfuko ashike mkononi. Mama yao na Idrisa wabaki nje. Si vizuri familia nzima kuwa ndani ya gari moja pale, nadhani hilo sina haja ya kulifafanua.

Kama nia yako ni magari ya wenyeji, wale wanaokodisha magari ya mbio palepale, hayo hayafai kwa Salma. Viti vyake vya mbio na mikanda yake ya pointi nyingi vimekusudiwa mtu mzima, na kiti cha mtoto hakiwezi kufungwa humo.

Sasa Idrisa, na ahadi uliyokwisha kuitoa. Hapa nina habari njema zaidi, kwa sababu njia mtakayopita kutoka Calais inakupitisha karibu na mahali ambapo unaweza kutimiza ahadi yako kwa watoto wote wawili, na mama yao akiwemo. Ubelgiji, karibu na Spa, kuna njia ya mbio ya Spa-Francorchamps. Ile ya sasa ina kilomita 7 na si barabara ya umma. Lakini njia ya zamani, iliyotumika mpaka mwaka 1978, ilikuwa na kilomita 14 hivi, na kipande kikubwa chake ni barabara za kawaida za vijijini mpaka leo. Unatoka Francorchamps, unashuka Burnenville kuelekea Malmedy, unapita Masta, unazunguka kwa Stavelot na kupanda tena. Kuna magari ya wakulima, kuna baiskeli, kuna vibao vya mwendo, na kila mtu anavifuata. Ni barabara ya kwenda na kurudi, kwa hiyo tena, kaa kulia.

Pale Masta, nyumba ziko kando ya lami. Simama mahali pa kuegesha, washushe watoto, waonyeshe. Waambie magari ya mbio yalipita katikati ya nyumba hizi kwa kasi kubwa kabisa. Mwaka 1966 Jackie Stewart, huyohuyo, alitoka njiani hapo katika mvua, akanaswa ndani ya gari huku petroli ikimmwagikia, na wenzake madereva ndio waliomtoa. Baada ya hapo akawa mpiganiaji mkubwa wa usalama katika mbio za magari, vizuizi bora, madaktari, mikanda. Salma ana miaka 11, ataelewa. Na ukitaka kumweleza kwa nini baba amekuwa mwangalifu kuhusu Nordschleife, mweleze hapo, barabarani penyewe. Ataelewa vizuri kuliko mkiwa mezani.

Ukifika Nürburg, nenda Brünnchen. Ni sehemu ya kutazamia, kwenye mteremko, na siku za wageni wenyeji wenyewe wanakwenda pale na viti vyao na vyakula. Magari yanashuka, yanapinda, yanapanda tena mbele ya macho yenu, na mtoto anaona kwa jioni moja magari ambayo Leicester angeyaona mwaka mzima: Porsche, BMW za zamani, na kila saa moja gari la familia kama lenu linapita kulia na indiketa ikiwaka. Mwulize Idrisa alihesabu mangapi. Wakae mbali na uzio, umshike mkono, kwa sababu mtoto wa miaka sita akiona gari analolipenda anakimbia. Kule Breidscheid, njia ya mbio inapita juu ya barabara ya mji wa Adenau kwa daraja, na mtoto akisimama chini anasikia mngurumo juu ya kichwa chake. Wangu alitaka turudi pale mara tatu siku moja.

Juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya Nürburg, iliyolipatia eneo lote jina lake. Imezungukwa na njia ya mbio pande zote. Panda nao mnarani. Na pale kituo cha mafuta cha Döttinger Höhe kuna duka la magari madogo ya kuchezea, kuta nzima. Tenga euro kadhaa na saa nzima, maana hamtatoka haraka.

Na kwa Salma, mwonyeshe kona ya kwanza ya Nordschleife. Tangu mwaka 2021 inaitwa kwa jina la Sabine Schmitz. Alikuwa binti wa kijiji cha Nürburg, wazazi wake walikuwa na hoteli palepale. Alishinda mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na tena 1997, na kwa miaka mingi alikuwa akiwabeba wageni kwenye teksi ya mbio ya njia hiyo. Aliwahi kuizunguka na gari la mizigo, Ford Transit, kwa dakika 10 na sekunde 8, kitu ambacho wengi wetu hatukiwezi na gari la mbio. Alifariki Machi 2021. Mabinti wanaokuja kujifunza gari kwangu nawasimulia habari zake.

Mama yao akiona umeipanga hivi, bima mkononi, Idrisa nje na yeye, mizunguko miwili peke yako kwanza, nadhani mtazungumza vizuri zaidi kuliko mlivyozungumza mpaka sasa. Na kama bado atasema hapana kwa Salma, ikubali. Kwa jambo kama hili mzazi mmoja akikataa, imekwisha, hata kama mimi mwalimu nimesema inawezekana.

Mwisho, chukueni masweta na makoti ya mvua. Agosti au si Agosti, Brünnchen jua likishatua kuna baridi kama ya Lushoto asubuhi, na watoto hawatakubali kuondoka mapema.